Koni haijui rangi

Mjomba wangu, kaka yake mama, ni fundi cherehani Mbagala. Kibandani kwake kuna kopo la maziwa ya unga lililojaa rili za uzi, na kila rili imebandikwa kipande cha plasta chenye herufi moja: D, M, U, C. Nikiwa mdogo nilidhani ni herufi za majina ya wateja wanaodaiwa. Kumbe D ni damu, M ni majani, U ni udongo, C ni chungwa. Mkaza mjomba ndiye aliyezibandika. Mara ya kwanza alitumia majina ya rangi kama tulivyofundishwa shuleni, mambo yakaharibika siku ileile, maana nyekundu na njano zote zinaanza na N, na kijani, kahawia na kijivu zote ni K. Akang'oa plasta zote, akaanza upya na vitu vyenyewe.

Mjomba hatofautishi nyekundu iliyokolea na kijani iliyokolea. Mtaani wamelijua hilo kupitia mpira. Siku ya watani wa jadi, Simba wakiingia na nyekundu na Yanga na kijani, yeye kwenye kibanda umiza huuliza kila baada ya dakika mbili, "Aliyepokea nani?" Yanga wakivaa njano hana shida, anabishana kuhusu kuotea kama wengine. Majirani wana maelezo yao: wapo wanaosema haoni nyekundu, wapo wanaosema haoni kijani. Mwenyewe hukataa yote mawili. "Naviona vyote," husema. "Ila vinafanana."

Mimi si daktari, nasoma habari za macho kwa udadisi tu. Lakini kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyoona kwamba mjomba yuko karibu na ukweli kuliko majirani zake, na kuliko hata baadhi ya vitabu vya shule.

Ufunguo uko kwenye seli za jicho ziitwazo koni. Tuanze na nyumba ya seli hizo. Mwanga ukishapita kwenye mboni na lenzi, unatua kwenye utando ulio nyuma ya jicho unaoitwa retina. Ni mwembamba, unene wake haufiki nusu milimita, na humo ndimo zilimo seli zinazopokea mwanga. Mwaka 1866 Mjerumani Max Schultze alilinganisha retina za wanyama wa mchana na wa usiku kwa hadubini, akatambua kwamba seli hizo ni za aina mbili zenye kazi mbili. Aina moja ni nyembamba na ndefu, nitaziita fito. Nyingine zina ncha iliyochongoka, ndizo koni. Jina ni lilelile la koni za aiskrimu za pale Coco Beach, na umbo linakaribiana. Ndege wa usiku kama bundi walionekana kuwa na fito nyingi mno, wa mchana wakawa na koni kwa wingi. Schultze akahitimisha: fito ni za gizani, koni ni za kwenye mwanga na za rangi.

Sisi tunazo zote, lakini si kwa mgawo sawa. Christine Curcio na wenzake walizihesabu kwenye macho ya watu waliofariki, na mwaka 1990 wakatoa wastani: koni milioni 4.6 na fito milioni 92 kwa jicho moja. Fito ni mara ishirini ya koni. Hata hivyo karibu kila unachokifanya kwa macho yako mchana, kusoma, kutunga uzi kwenye sindano, kumtambua mtu kwa sura, kinafanywa na hizo chache. Siri ni mpangilio. Katikati ya retina kuna kishimo kidogo ambamo koni zimebanana kama abiria wa mwendokasi saa kumi na moja jioni, karibu 200,000 kwenye milimita moja ya mraba, na pale katikati kabisa hakuna hata ufito mmoja. Ukinyoosha mkono na kutazama ukucha wa kidole gumba, eneo hilo dogo ndilo unaloliona kwa ukali kamili. Kwingine kote unakisia, na macho yanarukaruka upesi kiasi kwamba hugundui. Kaza macho kwenye neno hili moja, usiyasogeze, kisha jaribu kusoma mstari wa tatu chini yake. Utaona ninachosema.

Sasa rangi. Mwaka 1801 daktari wa London, Thomas Young, alitoa hoja kwamba jicho haliwezi kuwa na kipokezi chake kwa kila rangi, maana rangi ni nyingi mno na nafasi ni ndogo. Akapendekeza vitatu vinatosha. Hakuwa na hadubini ya kuvionyesha, alikuwa na mantiki tu, na mantiki ilikuwa sawa. Koni za binadamu ni za aina tatu. Vitabu vingi huziita koni nyekundu, koni ya kijani na koni ya buluu, na hapo ndipo msokotano wote unapoanzia.

Aina ya kwanza hupokea vizuri zaidi mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 560 hivi (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita). Ukiutazama peke yake, mwanga huo ni wa kijani inayoelekea njano. Hiyo ndiyo inayoitwa "nyekundu"! Ya pili kilele chake ni kama 530, kijani. Ya tatu ni kama 420, urujuani. Kwa hiyo mbili za kwanza zimepishana kidogo sana, na zote mbili hupokea karibu mwanga wote tunaouona, isipokuwa kwa viwango tofauti. Wataalamu huziita kwa urefu wa mawimbi: ndefu, za kati na fupi. Nitafuata hivyo.

Lakini jambo la maana zaidi ni hili: koni moja, iwe ya aina gani, haijui rangi. Haijui kabisa. Mwingereza William Rushton ndiye aliyeliweka wazi. Fotoni, yaani chembe ya mwanga, ikinaswa na koni, koni inahesabu moja. Iwe fotoni ya mwanga mwekundu au ya kijani, ikishanaswa ni moja tu, haina lebo. Urefu wa wimbi unaamua urahisi wa kunaswa, basi.

Chukua mizani ya sokoni. Weka kilo ya misumari, mshale unasimama kwenye moja. Ondoa, weka kilo ya pamba, mshale unasimama palepale. Ukiwa umefumba macho na kusomewa mshale tu, huwezi kujua kilichowekwa ni nini. Koni ya wimbi refu nayo, ikipigwa na mwanga hafifu wa kijani-njano au na mwanga mkali mwekundu, inaweza kutoa jibu lilelile. Sasa leta chombo cha pili, debe. Pima kitu kilekile kwa mizani na kwa debe. Kilo moja na debe limefurika: pamba. Kilo moja na debe halijafunikwa chini: misumari. Hakuna hata kimoja kati ya vyombo hivyo kinachojua pamba ni nini. Ujuzi umo katika ulinganifu wa vipimo viwili.

Rangi ni hivyo. Seli zinazopokea habari kutoka kwa koni, zikiwa bado ndani ya retina, zinachukua hesabu ya koni ndefu na kuilinganisha na ya koni za kati. Tofauti hiyo ndiyo inayotupa nyekundu dhidi ya kijani. Jumla ya hizo mbili ikilinganishwa na koni fupi, tunapata njano dhidi ya buluu. Huko ndiko rangi inakoanza kuzaliwa, kisha ubongo unaimalizia.

Ukitaka ushahidi usio na gharama, nenda kibanda umiza siku Yanga wamevaa njano. Ndani ya skrini ya televisheni hakuna taa ya njano. Kuna vitone vya aina tatu tu, vyekundu, vya kijani na vya buluu. Tone la maji likirukia kwenye kioo cha simu yako utaviona vimekuzwa. Njano ya jezi inatengenezwa kwa kuwasha vyekundu na vya kijani pamoja. Koni ndefu na za kati zinahesabu vilevile kama ambavyo zingehesabu mbele ya njano halisi, na jicho haliwezi kutofautisha. Kwa maneno mengine, njano ya Yanga kwenye televisheni ni nyekundu ya Simba iliyochanganywa na kijani ya Yanga. Nimewahi kulisema hilo hadharani, sikupendwa na upande wowote. James Clerk Maxwell aliuonyesha ujanja huu London mwaka 1861 kwa picha tatu za utepe mmoja, zilizopigwa kupitia vichujio vya rangi tatu na kurushwa ukutani kwa pamoja.

Kuna jambo jingine kuhusu koni ambalo lilinichukua muda kulikubali. Ungetegemea seli iliyo kimya gizani ianze kupiga kelele mwanga ukija. Ni kinyume chake. Gizani koni inamimina kemikali yake ya mawasiliano mfululizo, bila kupumzika, na mwanga ukiipiga inapunguza. Ni kama jenereta la jirani: linaunguruma usiku kucha hadi hulisikii tena, na unashtuka likizimwa. Habari anayopokea ubongo kutoka kwa koni ni ya ukimya.

Kinachozima hilo jenereta ni protini iitwayo opsini, iliyoshika kifuani molekuli ndogo inayotokana na vitamini A. Molekuli hiyo imepinda. Fotoni ikiigonga inanyooka, opsini inabadilika umbo, na mfululizo wa kemikali unaanza. George Wald wa Marekani alipata sehemu ya Tuzo ya Nobeli mwaka 1967 kwa kazi ya kuifumbua kemia hii ya kuona. Ndiyo maana watoto wetu wa miezi 6 hadi 59 hupewa matone ya vitamini A: ikipungua mwilini, fito huathirika kwanza, na mtoto anaanza kujikwaa magharibi ikiingia huku mchana anaona vizuri. Ini, dagaa, mchicha na mawese vinafanya kazi hiyohiyo kwa njia ya sufuria.

Fito nazo zinatupa uthibitisho mzuri wa habari ya mizani. Umeme ukikatika saa mbili usiku, usikimbilie tochi ya simu. Kaa. Dakika kama kumi za mwanzo koni zinajitahidi kuongeza wepesi wao, kisha zinafika mwisho wa uwezo. Fito zinaendelea, nusu saa au zaidi, na pole pole chumba kinarudi: kiti, mlango, kanga iliyoning'inizwa kambani. Mwezi ukiwepo dirishani, unaona pindo la kanga na maua ya kwenye mji, ila yote ni ya rangi ya majivu. Fito zote zina aina moja ya opsini. Ni mizani bila debe, kwa hiyo hakuna cha kulinganisha, na rangi haipo. Na jina la kanga hulisomi hata ukilikodolea macho, kwa sababu kusoma kunahitaji kile kishimo cha katikati, na kishimo hicho hakina fito. Wavuvi wanalijua bila darasa. Nyota hafifu ukiitazama moja kwa moja inapotea, ukiitazama kwa pembeni inarudi. Jaribu na Kilimia ukiwa ufukweni Kigamboni, mbali na taa. Ukikitazama kwa upande utahesabu nyota nyingi zaidi.

Turudi kwa mjomba. Miaka miwili iliyopita nilimsindikiza kwenye duka la miwani mjini, akitaka miwani ya kusomea, umri umefika. Dada aliyekuwa anampima akatoa kitabu cha vitone, kile alichokibuni Mjapani Shinobu Ishihara mwaka 1917. Ukurasa mmoja mimi naona 74, yeye akasema 21, na kwa sauti ya mtu asiye na shaka. Akanigeukia: "Wewe unaona ngapi?" Nikamwambia. Akanitazama kwa huruma. Kurasa kadhaa mbele tukafika mahali ambapo mimi sikuona chochote, vitone tu vimemwagwa, na yeye akasoma namba papo hapo. Nilidhani anabahatisha. Dada akasema hapana, hiyo kurasa imetengenezwa makusudi: mwenye koni kamili anavurugwa na rangi, asiye nazo kamili anaona namba iliyojificha kwenye buluu na njano. Mjomba alitoka pale na miwani mpya na mdomo mrefu hadi Mbagala.

Kinachomkosesha ni moja kati ya zile koni mbili zinazokaribiana, ya wimbi refu au ya kati. Mwenye moja tu kati yake bado anapokea mwanga mwekundu na bado anapokea mwanga wa kijani, kwa sababu koni iliyobaki inavinasa vyote. Alichopoteza ni ulinganisho. Ndiyo maana "naviona vyote ila vinafanana" ni maelezo ya kitaalamu kabisa. Njano inamwokoa kwa sababu inang'aa zaidi ya hizo mbili. Kwenye taa za barabarani anaangalia mahali, nyekundu iko juu.

Mwanasayansi wa kwanza kuandika kwa kina kuhusu hali hii alikuwa nayo mwenyewe. John Dalton, yule wa nadharia ya atomu, aliwaeleza wenzake wa Manchester mwaka 1794 kwamba kwake jani la mti na lakiri nyekundu vinafanana, na kaka yake anaona vilevile. Alidhani maji yaliyomo ndani ya macho yake yana ubuluu unaochuja nyekundu. Akaagiza yachunguzwe akifa. Alipofariki mwaka 1844 daktari wake akalipasua jicho moja: maji meupe kabisa. Mabaki ya macho yakahifadhiwa, na mwaka 1995 watafiti wa Uingereza wakatoa vinasaba kutoka kwenye tishu iliyokauka kwa miaka 150 na kupata jibu. Dalton hakuwa na jeni ya opsini ya wimbi la kati. Agizo lake lilitimizwa, kwa kuchelewa kidogo.

Hilo liliwezekana kwa sababu ya kazi ya Jeremy Nathans. Mwaka 1986, huko Stanford, yeye na wenzake walizisoma jeni za opsini za koni, na vinasaba alivyoanza navyo vilikuwa vyake mwenyewe. Jeni ya koni fupi iko kwenye kromosomu ya 7, haina ugomvi na mtu. Lakini za ndefu na za kati ziko kwenye kromosomu X, zimekaa bega kwa bega, na protini zake zinafanana kwa asilimia 96. Hapo ndipo penye balaa. Fikiria mtu ananakili waraka wenye mistari miwili inayofuatana na inayokaribia kuwa sawa: jicho likiteleza, anaruka mmoja au anaandika mmoja mara mbili. Mbegu za uzazi zinapotengenezwa ndivyo inavyotokea, na nakala inatoka na jeni moja pungufu, au na jeni iliyoungwa nusu kwa nusu.

Mwanamume ana X moja, aliyopewa na mama. Ikiwa na kasoro hana akiba. Mwanamke anazo mbili. Kwa wanaume wenye asili ya Ulaya ya kaskazini hali hii huwapata kama 8 katika kila 100, wanawake hawafiki hata mmoja. Afrika tafiti nyingi hupata wanaume wachache kuliko hao. Na angalia njia inayopita. Mjomba hawezi kumrithisha mwanawe wa kiume, maana huyo anampa kromosomu Y, si X. Mabinti zake wote wanaibeba, kisha inatokea kwa wajukuu. Yeye aliipata kwa bibi, na bibi huyohuyo ndiye aliyemzaa mama yangu, kwa hiyo mimi nilizaliwa na robo ya uwezekano wa kuwa kama yeye. Kwa mila za Waluguru na Wamakonde mali ya mjomba ilikuwa ikienda kwa mpwa. Macho, kumbe, yanafuata utaratibu huohuo.

Tusijione tumepungukiwa wala tumezidi sana. Mbwa, ng'ombe na mbuzi wana koni za aina mbili, kama mjomba. Kuku anayechakura nyuma ya nyumba ana aina nne za koni za rangi, na kila moja ina kitone cha mafuta kinachochuja mwanga, kwa hiyo jogoo na mtetea wanaonana kwa rangi ambazo sisi hatuna hata njia ya kuzikisia. Upande wa pili kuna komba. Mwaka 1996 watafiti waligundua kwamba jeni ya koni fupi ya komba mkubwa imeharibika na haifanyi kazi. Amebaki na aina moja, kwa hiyo rangi hana, na maisha yake ya usiku hayamdai. Kima na nyani wa Afrika wana aina tatu kama sisi, na wapo wanaodhani ilitusaidia kuliona embe lililoiva katikati ya majani mabichi. Dhana nzuri, ingawa wengine wanasema yalikuwa majani machanga, si matunda.

Kwa karibu miaka 200 baada ya Young hakuna mtu aliyekuwa ameziona aina hizo tatu kwenye jicho la mtu aliye hai, zimepangwaje. Lenzi na kioo cha mbele cha jicho vina mawimbimawimbi yanayoharibu picha. Msaada ulitoka kwa watu wa nyota. Wao wana vioo vinavyojikunja mara nyingi kwa sekunde ili kufuta mtetemo wa hewa, na maabara ya David Williams huko Rochester, Marekani, ikaugeuza ujanja huo utazame ndani ya jicho. Mwaka 1999 Austin Roorda na Williams wakatoa ramani za retina za watu wawili wenye uoni wa kawaida. Koni hazikuwa na mpangilio, zimetawanyika kama njugu zilizomwagika. La kushangaza zaidi, mmoja alikuwa na koni ndefu na za kati karibu sawa kwa sawa, mwingine alikuwa na ndefu karibu nne kwa kila moja ya kati. Uchunguzi wa 2005 ukapata hata mtu mwenye zaidi ya kumi na sita kwa moja. Wote hao wanaona rangi kama kawaida. Kwa hiyo ubongo haupokei hesabu kibubusa, unajirekebisha kwa mizani ulionayo. Nadhani hili ndilo jambo zuri kuliko yote yaliyopatikana kuhusu koni, na ndilo linalosemwa kidogo zaidi.

Je, mjomba anaweza kuongezewa koni? Mwaka 2009 Jay na Maureen Neitz na wenzao walichukua kima wawili wa kiume wa Amerika ya Kusini, wa aina ambayo madume yake yana koni mbili tu. Mmoja waliita Dalton, mwingine Sam. Kwa kutumia kirusi kisicho na madhara wakaingiza jeni ya opsini ya binadamu kwenye retina zao. Kila siku kima waligusa skrini kutafuta mabaka ya rangi, wakipata jibu wanapewa juisi ya zabibu. Wiki zikapita bila mabadiliko. Baada ya kama wiki 20 wakaanza kuyaona mabaka waliyokuwa hawayaoni tangu kuzaliwa. Walikuwa watu wazima, ubongo umeshakomaa, na bado uliitumia habari mpya.

Kwa binadamu wenye hali ya mjomba hakuna tiba ya namna hiyo iliyoidhinishwa. Miwani ya vioo vya rangi inayouzwa mtandaoni kwa bei ya kutisha inachuja baadhi ya mwanga ili tofauti fulani zionekane zaidi. Koni ya tatu haiongezi. Majaribio ya jeni yanafanywa kwa wenye tatizo kubwa zaidi, waliozaliwa na koni zisizofanya kazi kabisa, ambao jua la Dar la saa sita lingewaumiza hadi kufumba macho. Na kuna retinitisi pigmentosa, ugonjwa wa kurithi ambao fito hufa kwanza, kisha koni zinafuata ingawa mara nyingi jeni yenye kasoro haiwahusu. Huko Paris, José-Alain Sahel na Thierry Léveillard waligundua kwamba fito hutoa protini inayozisaidia koni kupata sukari. Fito zikifa, koni zinakosa mlishaji. Wanatafuta namna ya kuirudisha protini hiyo bila fito.

Habari ya karibuni ilitoka California. Aprili 2025 kundi la Berkeley, Roorda akiwamo, lilitangaza kwamba limeweza kupiga koni moja moja kwa leza. Koni za kati haziwezi kuamshwa peke yake na mwanga wa kawaida, ndefu zitaingilia tu, maana zinapishana mno. Wao walitengeneza kwanza ramani ya koni za kila mtu, kisha leza ikawa inagusa za kati peke yake, ikifuata hata mtikisiko wa jicho. Watu watano wakaona kipande kidogo cha buluu-kijani iliyokolea kuliko yoyote waliyowahi kuiona. Wapo wataalamu waliobisha kwamba si rangi mpya, ni kijani iliyokolea mno. Mimi naona ubishi huo ni wa majina. Kilichotokea kwenye koni hakikuwahi kutokea.

Nilimsimulia mjomba akiwa anabadilisha uzi, kitenge cha mteja kikiwa kwenye mashine. Akauliza hiyo rangi wameiitaje. Olo, nikamwambia. Akauliza olo ni kitu gani. Si kitu, ni namba: koni ndefu sifuri, ya kati moja, fupi sifuri, 010, wakaisoma kama herufi.

"Kumbe na wao wamebandika plasta," akasema. Akachukua kopo, akageuza rili mbili tatu akitafuta herufi, akanyanyua moja kunionyesha. "Hii M haisomeki vizuri. Ni M au U?"

Ilikuwa M.